Picha za Dola, Majina ya Watu: Uhakiki wa Maonyesho ya Picha za Enzi ya Idi Amin katika Makumbusho ya Uganda

Utangulizi

Mwezi Mei 2019 Makumbusho ya Uganda jijini Kampala yalifungua maonyesho ya picha ambayo jina lake, kwa tafsiri ya Kiswahili, ni Hifadhi Isiyoonekana ya Idi Amin. Picha zipatazo 150 zilitundikwa. Zilitokana na negativu takribani 70,000 zilizopigwa na wapigapicha wa Wizara ya Habari tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1980, ambazo zilikutwa mwaka 2015 katika Shirika la Utangazaji la Uganda (UBC). Waratibu wa maonyesho walikuwa wanne: Nelson Abiti wa Makumbusho ya Uganda, pamoja na wanazuoni Derek Peterson, Richard Vokes na Edgar Taylor. Swali lililoulizwa mara nyingi wakati ule lilikuwa la kimaadili: je, inafaa kutundika ukutani picha za mtawala aliyeua watu wengi, akiwa anacheka, anacheza ngoma na kushikana mikono na wageni?

Swali hilo lina uzito wake, na waratibu hawakulikwepa. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba lipo swali gumu zaidi, nalo linawahusu watu wengine waliomo katika picha zilezile: waliosimama nyuma ya rais, waliopangwa mstari mbele ya mahakama, waliokusanywa uwanjani kushangilia. Wengi wao hawana majina. Maonyesho ya muda ni nafasi adimu ambamo picha iliyopigwa na dola hukutana na macho ya mtu anayeweza kusema, "Huyu ni shangazi yangu, na siku ile hakurudi nyumbani." Makumbusho madogo yanayobadilisha picha zake kila baada ya miezi kadhaa huwa yamejiandaa vizuri kuonyesha. Maandalizi ya kupokea neno la namna hiyo, kuliandika na kulihifadhi pamoja na picha inayohusika, ni suala jingine kabisa.

Nyumba yenyewe

Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Old Kampala, na yalihamahama kabla ya kuingia mwaka 1954 katika jengo la sasa la Kitante, lililosanifiwa na Ernst May. Wenyeji waliyaita Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya mayembe, vile vifaa vinavyoaminiwa kubeba nguvu za mizimu, kwa kuwa vitu vya aina hiyo vilikuwa miongoni mwa mkusanyo wake wa mwanzo. Jina hilo linasema jambo ambalo neno la Kiswahili linalipita. Makumbusho ni mahali pa kukumbushwa. Enyumba ya Mayembe ni mahali ambapo vitu vilivyokuwa na wenyewe vimekwenda kuishi mikononi mwa serikali. Anayehakiki maonyesho ya 2019 anahitaji majina yote mawili, maana picha zilizoletwa humo zilikuwa tangu kuzaliwa kwake mali ya serikali, na watu waliomo hawakuwahi kupewa nakala.

Kwa vipimo vya kimataifa haya ni makumbusho madogo. Kumbi zake za kudumu, zikiwamo za ala za muziki na za etnografia, hubadilika polepole, hivyo mgeni aliyekwisha kuziona hurudi hasa kwa ajili ya maonyesho ya muda. Aidha, uhai wa jengo lenyewe umewahi kutiwa shakani: mnamo 2011 ulikuwapo mpango wa kulibomoa ili kupisha jengo la biashara la ghorofa 60, na asasi za kiraia zililipeleka suala hilo mahakamani. Mshauri wa sera anayependekeza kazi mpya kwa taasisi ya aina hii anapaswa kukumbuka kwamba anazungumza na nyumba ambayo juzi tu ilikuwa inajitetea isivunjwe.

Kamera ya wizara

Wapigapicha waliozalisha hifadhi hii walikuwa watumishi wa umma. Walitumwa kwenye mkutano, sherehe, kesi au ziara. Waliporudi, filamu zilisafishwa, negativu zikatiwa katika bahasha na kupewa maelezo mafupi, kisha zikawekwa kabatini. Jambo la kushangaza ni kwamba nyingi hazikuwahi kuchapwa kwenye karatasi wala kutokea gazetini. Dola ilipiga picha nyingi kuliko ilivyoweza kuzitumia, na hasa baada ya 1972, uchumi ulipoporomoka na vifaa kuadimika.

Kwa nini basi kamera iliendelea kutumwa? Waratibu wa maonyesho wamelijibu swali hili kwa hoja inayostahili kukubaliwa: kuwapo kwa kamera kulikuwa tendo la kisiasa hata pale picha isipochapwa. Mtu anayejua kwamba anapigwa picha husimama wima, hupiga makofi, huonyesha uso unaotakiwa. Utawala ulioingia madarakani kwa mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971 uliyageuza mambo ya kawaida ya utawala, kama vile usafi wa mitaa, bei ya sukari na kilimo, kuwa kampeni za kitaifa zenye lugha ya kivita, na kampeni humhitaji mpigapicha kama inavyomhitaji mpiga ngoma. Hoja hii inamsaidia mtazamaji asizichukulie picha hizi kama madirisha ya kuchungulia miaka ya 1970. Hizi ni mabaki ya jukwaa.

Hapa ndipo palipo nguvu kubwa ya maonyesho, na ni haki kusema hivyo kabla ya kudai zaidi. Mgeni aliyezoea sura ya Amin kutokana na sinema na vichekesho vya nchi za Magharibi, ambako ameishi kama kituko, alikutana na kitu kingine: serikali inayofanya kazi, yenye makarani, mafaili, bahasha na ratiba. Uovu wenye ofisi na saa za kazi unatisha kuliko uovu wa kichaa mmoja, kwa sababu unaonyesha wangapi walihitajika ili uende mbele.

Lakini hoja ya jukwaa ina upungufu wake. Ikishikiliwa sana, inamfanya kila aliye ndani ya fremu kuwa mwigizaji. Picha zinazohusu Mahakama ya Uhujumu Uchumi zinatoa mfano mzuri. Mahakama hiyo iliundwa kwa amri ya serikali mwaka 1975 kushughulikia ulanguzi, magendo, kuficha bidhaa na makosa ya jamii hiyo, nayo ilikuwa na uwezo wa kutoa adhabu ya kifo. (Msomaji wa Tanzania atalisikia neno uhujumu uchumi kwa sikio lake mwenyewe, akikumbuka msako wa 1983. Mifumo ilitofautiana sana, lakini duka tupu na jirani anayeshukiwa vilikuwa vilevile.) Mtuhumiwa aliyesimamishwa mbele ya lenzi katika mazingira hayo hakuwa anaigiza ushiriki wake katika historia. Alikuwa na hofu, na pengine alikuwa anahesabu ni nani atakayewalisha watoto. Bahasha ilimwandikia kosa, na jukwaa likampa nafasi. Jina lake hakuna aliyelihitaji.

Sura za waliouawa

Ukatili wenyewe karibu hauonekani katika hifadhi hii. Wapigapicha wa wizara hawakutumwa kwenye vyumba vya mateso vya Idara ya Utafiti wa Dola, idara ya usalama iliyoogopwa kuliko zote, wala hawakuwafuata waliotiwa ndani ya buti za magari. Idadi ya waliouawa kati ya 1971 na 1979 bado inabishaniwa, na makadirio yanaanzia makumi ya maelfu hadi 300,000 na zaidi. Hifadhi yenye negativu 70,000 haisaidii kuimaliza hesabu hiyo. Waratibu walilitambua pengo hili, na wakaliziba kwa kuweka kando ya picha za wizara sura za baadhi ya watu waliouawa na utawala ule.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Bila sura hizo, ukumbi ungekuwa umemaliza kazi ambayo wizara iliianza, maana picha ambazo wizara haikuwahi kuzichapa zingechapwa kwa ubora kuliko wakati wowote na kuletewa watazamaji. Hata hivyo, njia hii ina kikomo ambacho wahakiki hawakukijadili vya kutosha. Anayeweza kuwekewa sura ni yule ambaye tayari alikuwa nayo. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyekamatwa na kuuawa mwaka 1972, na Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977, walipigwa picha mara nyingi katika maisha yao kwa sababu ya vyeo vyao. Askari wa Kiacholi au wa Kilango aliyechinjwa kambini mwaka 1971 huenda aliacha picha moja ya kitambulisho, au hakuacha yoyote. Kwa hiyo ukuta unaowakumbuka waliouawa kwa sura zao hufuata, bila kukusudia, ngazi zilezile za heshima ambazo kamera ya serikali ilizifuata.

Mifano miwili kutoka kwingine inasaidia kupima. Katika Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, Kigali, yaliyofunguliwa 2004, kipo chumba ambamo picha za marehemu zimetundikwa kama zilivyoletwa na jamaa zao: picha za harusi, za shule, za Jumapili. Kila picha iliingia humo ikiwa imeshikwa na mkono wa mtu anayemjua aliyemo. Mfano wa pili ni kinyume chake. Mwaka 1997, Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalionyesha picha za wafungwa wa gereza la S-21 la Kambodia, zilizopigwa na watesaji wao kabla ya wafungwa kuuawa; zilitundikwa kama kazi za sanaa, na wengi wa waliomo hawakuwa na majina. Lawama zilizofuata zilikuwa za haki. Kampala iko mahali fulani kati ya Gisozi na New York. Picha zake zimetoka kwa dola, kama zile za S-21, lakini zilionyeshwa katika jiji ambalo watu waliomo, watoto wao na majirani wao wangeweza kupanda daladala wakafika. New York isingeweza kuwa na nafasi hiyo hata kama ingeitaka.

Uganda yenyewe ina mfano wa namna nafasi ya aina hii inavyoweza kutumiwa. Tangu 2011, mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa na Andrea Stultiens na Rumanzi Canon, umekuwa ukikusanya picha kutoka kwa familia, studio na watu binafsi na kuzirudisha mbele ya watazamaji wa Uganda ili wazisemee. Mfululizo wa vitabu vya Stultiens unaitwa Ebifananyi, neno la Kiganda kwa picha, ambalo msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kuwa ni ndugu wa kitenzi chetu kufanana. Picha kwa neno hilo ni kitu kilichofanana na mtu. Haiwezi kutajwa bila kuuliza imefanana na nani. Bahasha za wizara ziliuliza imepigwa katika shughuli gani.

Lugha ya vibandiko

Katika ukumbi wa picha, kibandiko ndicho kinachomfundisha mgeni asimame wapi na atazame nini kwanza. Suala la lugha ya vibandiko, ambalo washauri wa sera hupenda kulifunga kwa sentensi moja kuhusu Kiswahili na mtangamano wa Afrika Mashariki, ni gumu kuliko linavyoonekana, na kwa mada hii ni gumu zaidi.

Mwaka 1973 Amin alitangaza kwa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Tangu zama za King's African Rifles kilikuwa lugha ya jeshi, na katika miaka iliyofuata wananchi wengi wa kusini mwa nchi walikisikia kwanza kabisa kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka katika kinywa cha mtu mwenye bunduki. Chuki hiyo dhidi ya lugha haikuanzishwa na wanaisimu na haitaondolewa na wanaisimu. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua mpya za kukitekeleza. Hatua hizo ni njema. Lakini kibandiko cha Kiswahili chini ya picha ya Amin akikagua gwaride hakiwezi kuwa huduma ya tafsiri tu, kwa sababu lugha yenyewe imo ndani ya picha. Mgeni wa Kampala mwenye umri wa miaka 65 ataisoma amri kabla ya kuisoma habari.

Upande wa pili nao usisahauliwe. Askari wa Tanzania walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na kulakiwa na umati, nao walikuwa wakisema Kiswahili. Kwa Waganda wengi lugha hii ilifika mara mbili, na kumbukumbu zake mbili hazijapatanishwa. Kibandiko kizuri cha Kiswahili katika ukumbi kama huu kingelisema jambo hilo waziwazi, badala ya kudhani kwamba msomaji na lugha hawana historia. Vilevile kisingesimama peke yake. Picha iliyopigwa Arua ingestahili pia Kilugbara, na iliyopigwa Gulu ingestahili Kiacholi, kwa sababu iliyo dhahiri: anayeweza kumtambua mtu katika picha ni mtu wa mahali pale, na huulizwa kwa lugha ya pale. Kiingereza kimezifanya picha hizi zijulikane duniani, na kitabu kilichotokana nazo mwaka 2021 kimezifikisha mbali. Bibi wa Koboko hataulizwa kitu na kitabu hicho.

Baada ya picha kushushwa

Maonyesho ya muda hufungwa. Fremu hushushwa, misumari hung'olewa, kuta hupakwa rangi kwa ajili ya wageni wengine. Kinachobaki ni orodha ya picha zilizoonyeshwa na kitabu cha wageni, ambacho kwa kawaida hujaa sifa, lawama na sahihi za wanafunzi. Udhaifu wa utaratibu huu hauhusu Kampala peke yake. Nairobi, Dar es Salaam na Lubumbashi nako kumbi za picha hufuata mwendo uleule. Lakini kwa hifadhi ya enzi ya Amin gharama yake ni kubwa, kwa kuwa maarifa yanayohitajika yamo vichwani mwa wazee.

Utatuzi hauhitaji jengo jipya. Unahitaji kwanza kwamba kila picha itundikwe pamoja na namba ya negativu yake, iandikwe kwa ukubwa wa kusomeka, ili neno la mgeni lipate mahali pa kushikamana. Unahitaji mtu aliyeketi ukumbini mwenye daftari na kinasa sauti, anayejua lugha zaidi ya mbili na aliyefundishwa kusikiliza bila kuharakisha. Na unahitaji makubaliano ya maandishi kati ya makumbusho na UBC kwamba jina lililotajwa ukumbini litarudi kwenye bahasha na kuingizwa katika kumbukumbu ya kidijitali, likiwa na jina la aliyelitaja kama ataruhusu. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kigumu, maana taasisi mbili za serikali zinazomiliki kitu kimoja kwa nusunusu mara nyingi huachiana kazi.

Kuna pingamizi moja zito. Kumtambua mtu katika picha ya dola kunaweza kumdhuru. Yule aliyesimama kando ya mtuhumiwa huenda alikuwa askari kanzu, na wajukuu wake wanaishi mtaa uleule na wajukuu wa mtuhumiwa. Uganda haikufanya usuluhishi wa hadharani ambao ungeyasema mambo haya na kuyapa mwisho. Tume ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu iliyoundwa 1986 ilisikiliza mashahidi wengi na kutoa ripoti yake 1994, lakini haikuyafikisha kwenye kila mtaa. Kwa hiyo jina lingine litafaa kuandikwa na kufungwa kwa miaka kadhaa kabla ya kuonyeshwa, na familia iwe na haki ya kuomba picha fulani isitundikwe tena. Nani aamue maombi hayo, na kwa vigezo vipi, ni jambo la sera linalongoja waandishi wake. Pingamizi hili linahusu namna ya kuhifadhi majina. Halitoi ruhusa ya kutoyauliza.

Na muda si mwingi. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 aliposimamishwa mbele ya Mahakama ya Uhujumu Uchumi mwaka 1975 alikuwa ametimiza miaka 64 picha zilipofunguliwa kwa umma Kampala. Shahidi aliyemwona akiingia mahakamani, kama alikuwa mtu mzima wakati ule, alikuwa amekwisha kupita sitini.